Mate ya Sumintra

Scarborough, Toronto
14 Januari 2019

Shangazi Leocadia mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba magoti hayakusumbui sana. Sisi huku theluji imefika madirishani, lakini hatujambo. Najua kwako simu ni ya misiba tu, ndiyo maana naandika.

Humu ndani kuna kisanduku. Usikitupe, ni zawadi. Ndani yake kuna kichupa: utatema mate mpaka yafike kwenye mstari, utafunga kifuniko, kisha utakipeleka posta kwenye ile bahasha ndogo, nimeshailipia. Watapima vinasaba vyako na kutuambia wazee wetu walitoka pembe gani za dunia. Mimi nimeshatema. Baba angekuwa hai ningemtemesha yeye, lakini sasa upande wa Lezama nimebaki na wewe peke yako.

Sababu yenyewe ni hii, na tafadhali kaa kwanza. Nina mimba ya miezi minne. Ndiyo, na hii miaka yangu thelathini na tisa! Daktari aliniuliza asili ya familia yetu, nikamwambia aandike Trinidad. Akasema, "Mama, hiyo si asili, hiyo ni anwani." Nikaona aibu. Sitaki mwanangu aje kuniuliza swali hilohilo nimtumbulie macho.

Mpwa wako akupendaye,
Giselle


Gran Couva, Trinidad
9 Februari 2019

Mpenzi Giselle,

Marahaba. Nimelia, nimecheka, na nimemwambia kila aliyepita barabarani, pamoja na kijana wa kusoma mita za maji. Hongera, mwanangu. Kula mboga za majani.

Barua yako ina makosa matatu ya herufi kubwa. Nimeyazungushia wino mwekundu na nakurudishia.

Kuhusu asili, ungeniuliza mimi ningekujibu bure. Babu yako Eustaquio alikuwa Mhispania wa Venezuela, damu tupu, na ndiyo maana sisi akina Lezama tuna pua zilizonyooka na hatupendi kelele. Bibi yako Clotilde alitoka kwa watu wa Martinique, watu wa heshima, Wafaransa kidogo na Waafrika zaidi. Basi. Hakuna cha kupima.

Hata hivyo, kwa kuwa umeomba, nimetema. Mate yamefika kwenye mstari, hata yamezidi kidogo, na kichupa kimeondoka jana.

Jirani yangu Sumintra, yule muuza dabo, mikate yake ya kukaanga yenye dengu, anakusalimu. Jogoo wake bado anawika saa tisa usiku kama mlevi. Siku hizi anaulizauliza sana habari za sukari. Akikuandikia, usimjali.

Shangazi yako,
Leocadia Lezama
(Mwalimu Mkuu mstaafu)


Scarborough
6 Aprili 2019

Shangazi mpenzi,

Majibu yamekuja. Nimekaa nayo siku nne nikitafuta namna ya kuanza, na bado sijaipata, kwa hiyo naanza tu.

Wewe ni Mhindi, Shangazi. Si kamili. Asilimia hamsini na moja. Uhispania unao, kumi na nne. Wenyeji wa kale wa Venezuela kumi na nne, Afrika ishirini na moja. Mimi India sina hata tone.

Halafu kuna jambo la pili. Mimi na wewe tunashiriki asilimia kumi na mbili. Nikawapigia wenye kampuni, dada mmoja akanieleza polepole kama anayezungumza na mgonjwa. Shangazi kamili na mpwa wake hukaribia robo. Kumi na mbili ni nusu shangazi. Maana yake wewe na Baba mlikuwa na mzazi mmoja tu kwa pamoja.

Nimepiga hesabu kila upande, jibu ni moja. Shangazi, je, Bibi Clotilde aliwahi kuwa na rafiki Mhindi?

Simlaumu hata kidogo. Umewahi kuniambia mwenyewe jinsi Babu alivyokuwa akitoweka na gitaa lake na wale waimbaji wenzake wa Krismasi. Nyumba ilikuwa na upweke. Bibi alikuwa mwanamke kama sisi. Mimi nakupenda vilevile, na nimeanza kujifunza kupika mchuzi wa bizari kwa ajili yako.

Giselle


Gran Couva
27 Aprili 2019

Giselle Marie-Ange Lezama,

Futa. Futa sasa hivi uliyoyaandika juu ya Mama. Mwanamke yule hakukosa komunyo hata Jumapili moja. Mhindi pekee aliyewahi kuingia jikoni kwake alikuwa fundi wa jiko, na Mama alimwachia mlango wazi na mbwa amelala kizingitini. Rafiki! Upweke! Nimeisoma barua yako nimesimama, kwa sababu nilipojaribu kukaa nilichemka.

Lakini siwezi kumwacha Mama achafuliwe kaburini kwa ajili ya uongo wangu. Basi sikiliza. Mate yale si yangu. Ni ya Sumintra.

Nilimwambia serikali imeleta kipimo kipya cha sukari, cha wazee tu. Alitema kwa moyo wote, akaniuliza kama nahitaji kichupa cha pili. Kwa nini nilifanya hivyo, usiniulize. Nilikuwa na mafua.

Nilidhani nikishakuambia hayo mambo yatakwisha. Kisha nikaisoma tena barua yako, nikapiga hesabu upya. Mate ni ya Sumintra. Sumintra ni nusu shangazi yako. Mama yake, Bi Dulari, alimzaa mbele ya wakunga wawili na nusu ya kijiji, kwa hiyo mzazi waliyechangia yeye na baba yako hawezi kuwa mama. Ni Papa, babu yako Eustaquio.

Papa, Giselle! Miaka arobaini na miwili nimeishi ukuta kwa ukuta na mwanamke huyu. Nimemshitaki kwa diwani mara mbili kwa ajili ya jogoo. Kumbe nilikuwa namshitaki binti wa baba yangu.

Sijamwambia. Kila asubuhi ananipigia kelele kutoka uani kwake: "Ticha! Sukari yangu inasemaje?" Nimemwambia posta imegoma.

Leocadia


Scarborough
18 Mei 2019

Shangazi,

Nilicheka mpaka mtoto akanipiga teke. Kisha nikaacha kucheka.

Bibi nimemwomba radhi. Niliwasha mshumaa kanisani na nikamwambia kwa sauti, bibi mmoja Mfilipino aliyekuwa karibu akahama kiti.

Mwambie Sumintra. Mate ni yake na baba ni wake. Usipomwambia wewe mwezi huu, namwandikia mimi.

Na ni mafua gani hayo? Nimekaa nawe miaka tisa utotoni, sikukusikia hata ukikohoa. Ulikuwa unaogopa nini? Ndani ya bahasha hii kuna kichupa kingine. Safari hii kiwe na mate ya kwako.

Giselle


Gran Couva
4 Juni 2019

Kwako Giselle,

Mimi Sumintra. Si mtu wa kuandika. Karatasi hii ni ya kufungia dabo, ukiona mafuta usishangae.

Ticha alikuja Alhamisi, siku yenyewe ile ya sikukuu ya kuwasili kwa Wahindi, mimi nina wateja mpaka barabarani. Amevaa kofia ya kanisani. Nikajua kuna mtu amekufa. Nikawaachia watu dengu wajipakulie, nikamwingiza ndani. Akakaa. Akasimama. Akasifia mapazia yangu, na mapazia hayohayo miaka yote anasema ni nguo ya sarakasi.

Nikamwambia, "Ticha, sema tu. Sukari imepanda?"

Akasema, "Sumintra, huna sukari. Una baba."

Nikamwambia, "Baba ninaye, amekufa."

"Una mwingine. Naye amekufa."

Nilicheka, binti. Halafu akaeleza, nikaacha kucheka, nikamwambia atoke nyumbani kwangu na kofia yake. Mwizi wa mate! Nilifunga kibanda siku tatu. Hata mume wangu alipokufa nilifunga mbili.

Nikuambie jambo sijamwambia mtu. Kwa mama yetu tulizaliwa saba. Sita walifanana. Baba aliyenilea, Ramdass, hakunipiga kamwe, wala hakunibeba kamwe. Wenzangu aliwapakata. Mimi nikimkaribia, anakumbuka kazi shambani. Nimekuwa mtu mzima, nimezaa, nina wajukuu, na bado nilikuwa najiuliza nilimkosea nini mtu yule. Sasa najua sikumkosea kitu. Siku ya nne nilipolielewa hilo nilifungua kibanda, nikagawa dabo bure mpaka saa nne. Watu walidhani nimeokoka.

Sasa huyu Ticha. Tangu aniambie hatoki ndani. Kichupa chako amekiweka juu ya kabati, anakizunguka kama kina nyoka. Nimemuuliza kwa nini alinitemesha mimi, anasema mafua. Ana jambo. Mwandikie wewe, mimi hanisikii.

Halafu kama kampuni hiyo inapima na sukari, niambie ukweli.

Sumintra Jokhan


Gran Couva
30 Juni 2019

Mpenzi Giselle,

Simu yako ilipolia nilikaa chini kwanza, nikashika rozari, nikauliza, "Nani?" Ukasema, "Clotilde." Nikadhani umerukwa na akili. Kumbe ni mtoto! Kilo tatu na nusu, na umempa jina la Mama.

Nilipoweka simu chini nilikaa hapohapo mpaka chai ikapoa. Huwezi kumpa mtoto jina lile halafu mimi niendelee kukudanganya. Basi ukweli ndio huu.

Mama alipokuwa anakufa, mwaka 1988, nilikuwa naye peke yangu. Baba yako alikuwa njiani anakuja. Alinishika mkono akasema, "Cadia, wewe sikukuzaa. Nilikuchukua." Nikasubiri amalizie. Akaomba maji. Nilipoyaleta, alikuwa ameshakwenda.

Hayo tu. Nilichukuliwa wapi? Kwa nani? Nilimwogopa baba yako, sikumuuliza. Naye akafa baadaye. Miaka thelathini na moja nimekaa na maneno mawili matatu, na kila nilipotia sahihi "Lezama" nilijisikia kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. Ndipo ukaniletea kichupa.

Wewe nilikulea tangu ulipokuwa na miaka mitatu, mama yako alipokwenda kutafuta maisha huko Canada. Nilikusuka, nilikukaripia, nilikufundisha herufi kubwa, ingawa hazikuingia. Nikaogopa karatasi moja ingekuja kukuambia kwamba huna shangazi, una mwanamke tu wa Gran Couva. Sumintra nilimchagua kwa sababu alikuwa karibu na hana maswali mengi. Matokeo yake umeyaona. Yeye ndiye mwenye damu ya Lezama, mimi ndimi mpangaji.

Yote haya nimemwambia yeye pia, juzi. Akasema, "Ticha, lete kichupa." Alisimama mlangoni kama askari kuhakikisha ninayetema ni mimi. Mate yalikauka kwa woga. Akaenda akakata embe bichi, akalitia chumvi na pilipili, akaanza kulila mbele ya macho yangu bila kunipa. Mate yalifika kwenye mstari mara moja.

Majibu yakija, usinifiche kitu. Hata yakiwa sifuri, andika sifuri. Mbusu mtoto.

Leocadia


Scarborough
21 Septemba 2019

Shangazi,

Mkono umekwenda kwenye simu mara nane, nikauzuia, maana ungekaa chini ukashika rozari ukidhani nimekufa. Lakini nakuandikia mstari wa kwanza ili usiumie kusubiri: wewe ni Lezama.

Mimi na wewe, asilimia kumi na tatu. Nusu shangazi, sawasawa na Sumintra. Umemzidi kwa moja, usiende kumringia. Wewe na yeye mnashiriki robo nzima. Mna baba mmoja na mama mbalimbali. Na wewe huna India hata kidogo. Una robo ya kusini mwa China. Robo, Shangazi! Kwenye orodha ya ndugu zako yupo mtu wa kisiwa cha Curaçao, wa ukoo wa Chin Aleong. Jina hilo unalijua?

Bibi hakukuokota njiani. Alichukua mtoto wa mumewe, aliyezaliwa na mwanamke mwingine, akamlea pamoja na wa kwake, na hakumwonyesha mtu tofauti. Nimejaribu kufikiria kama mimi ningeweza. Nimemtazama mwenye jina lake amelala hapa, amekunja ngumi, na sina hakika.

Jambo moja zaidi. Fomu ya ubatizo niliijaza mwezi wa nane, kabla majibu hayajatoka. Mama wa ubatizo: Leocadia Lezama. Kwa wino, na kwa herufi kubwa zote mahali pake. Ingekuwa sifuri, fomu ingebaki hivyohivyo.

Giselle


Gran Couva
3 Novemba 2019

Mpenzi Giselle,

Fomu nimeiweka moyoni. Nitakuja Toronto kwa ubatizo, hata kama itabidi nivae suruali.

Jina nalijua. Mzee Chin Aleong alikuwa na duka pale njia panda, na binti yake Ivy alipelekwa kwa mjomba wake Curaçao kabla mimi sijaota jino. Nilimwona mara moja. Nilikuwa na miaka tisa. Mwanamke mwenye kofia ya kijani alikuja nyumbani, Mama akampikia kahawa, akamkalisha sebuleni, akaniita. Kisha Mama akasema anakwenda kuanua nguo, na mvua haikuwepo, na nguo hazikuwepo kambani. Alituacha wawili peke yetu. Yule mwanamke aliniuliza nasoma darasa la ngapi, nikamjibu. Aliniuliza kama napenda hesabu. Alinishika kidevu, akanitazama sana, basi. Alipoondoka, Mama alimsindikiza mpaka langoni akamkumbatia. Nilidhani ni rafiki yake wa kanisani. Leo ndiyo najua Mama alimpa nini siku ile, na kwamba kumpa kulimgharimu.

Sasa nikueleze ya juzi, Siku ya Watakatifu Wote. Tulikwenda makaburini saa nane mchana, mimi na Sumintra, na ndoo ya chokaa, panga, na pakiti mbili za mishumaa. Kijiji kizima kilikuwa huko kinafyeka na kupaka rangi. Sumintra alikwenda moja kwa moja kwa Papa, akashika kiuno.

"Eustaquio Lezama! Inuka uone kazi yako!"

"Hawezi kuinuka, Sumintra. Na punguza sauti."

"Najua hawezi. Akijaribu, panga ninalo."

Tukaanza kupaka chokaa. Baada ya muda akasema, "Mkubwa ni mimi. Nitakuwa wa mwanzo kwenye picha ya kumpelekea Giselle."

"Mkubwa kwa lipi? Umezaliwa lini?"

"Arobaini na saba. Septemba, tarehe kumi na moja."

Brashi ikanisimama mkononi. "Mimi ishirini na tatu."

"Ya mwezi gani?"

"Septemba. Arobaini na saba."

Tukatazamana. Akaanza kuhesabu kwa vidole kurudi nyuma, Agosti, Julai, Juni, midomo inacheza, mpaka akafika. "Desemba," akasema. "Krismasi. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba anaimba kuzaliwa kwa Bwana!"

"Sumintra."

"Ticha, alipita nyumba ngapi?"

Mzee Nazario, ambaye ana miaka tisini na tatu na ndiye aliyebaki katika kundi la waimbaji la Papa, alikuwa anapaka kaburi la mkewe hatua tano kutoka kwetu. Aliokota kopo lake la rangi, akahamia upande wa pili wa makaburi. Sijawahi kumwona akitembea haraka vile.

Tulicheka, Giselle. Nilikalia jiwe la Papa kwa kicheko. Ndipo nikamwona Padri Deodat yuko mbele yetu na maji ya baraka, na nyuma yake wanaparokia, wale ambao nimewasomea masomo ya misa nusu ya maisha yangu na kuwachapa wengi wao darasani.

"Mwalimu," akasema Padri, "leo una furaha. Na huyu mama mwenzako ni nani?"

Ningeweza kusema jirani. Neno lilikuwa tayari mdomoni, na lilikuwa kweli. Sumintra aliinamia ndoo, akawa anakoroga chokaa ambayo haikuhitaji kukorogwa. Nikaona alikuwa ananipa nafasi ya kulisema.

"Huyu ni dada yangu, Padri," nikasema. "Wa baba mmoja. Wote wawili tulizaliwa nje ya ndoa."

Kila brashi makaburini ilisimama. Padri akatutazama, akalitazama jiwe la Papa, akamrudia Sumintra. Kisha akachovya na kutunyunyizia wote wawili sawasawa.

"Padri, polepole," akasema Sumintra, "nywele nimeseti leo."

Nikamwacha anabishana naye, nikaenda kwa Mama. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimeandika hata kwenye karatasi. Mimi niliyesahihisha insha za watu miaka arobaini nikaifungua karatasi ile, nikaona haifai kitu, nikaikunja. Nikapiga magoti nikaanza kung'oa magugu, kwa sababu hilo nililiweza.

Sumintra akaja akapiga magoti upande wa pili. Tuling'oa pamoja. Halafu akasema, si kwangu, kwa jiwe:

"Bi Clotilde, huyu wako ana kiburi na ana makelele, lakini ni mtu mwema. Ulimlea vizuri. Mimi naitwa Sumintra. Natoka nyumba ya pili."

Hapo nililia, mwanangu, kwa sauti, mbele ya parokia nzima, na sikutafuta leso.

Shangazi yako,
Leocadia Lezama